Hodi Kutoka Ndani

Mtu aliyelelewa Kabambare akisikia hodi anajibu karibu. Hafikirii. Mikono iko kwenye unga, mtoto analia mgongoni, sufuria inafurika, mdomo wenyewe unajibu. Hivyo ndivyo mama yake Hidaya alivyomlea, na hivyo ndivyo Hidaya alivyojibu mchana mmoja akifua nguo uani, nyuma ya homu, bweni la wasichana wa chuo kikuu, pale Kasongo.

"Hodi," ilisema sauti ya mtu mzima, ya upole.

"Karibu," akajibu, akaendelea kukamua shuka.

Hakuna aliyekuja. Aligeuka akatazama lango. Palikuwa patupu, jua linachoma, wenzake wamelala. Ndipo akatambua kwamba sauti haikutoka langoni. Ilitoka nyuma yake, na nyuma yake palikuwa na mlango mmoja tu, mlango wa chumba cha mwisho, nao ulikuwa na kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo ulikuwa shingoni mwake mwenyewe, kwenye kamba, chini ya blauzi. Akajiambia ni jua. Akaanika shuka, akaenda kulala kama wengine, ila usingizi haukuja.

Sasa hicho chumba cha mwisho, lazima nikueleze. Homu yetu ni nyumba ya zamani, ina ngazi mbele na vyoo bondeni, ukishuka kwa njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha inateleza kama bamia. Wafadhili walipokuja waliona hayo, wakasikitika, wakajenga chumba kimoja kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Kina mteremko wa saruji badala ya ngazi, mlango mpana wa kupitisha baiskeli ya mikono, choo na bafu humo humo ndani, na vyuma ukutani vya kujishikilia. Siku ya kukifungua watu walipiga picha, wakala wali na kuku, wakaondoka. Wakasema watarudi kukitazama.

Basi kikafungwa. Bwana Antoine, mzee anayesimamia homu, alisema kisichafuliwe mpaka wageni warudi, na ufunguo akampa Hidaya kwa kuwa Hidaya ndiye shefu, kiongozi wa wasichana. Usimcheke Bwana Antoine. Kwenu sahani za maua ziko wapi? Ziko kabatini, zinangoja wageni, na watoto wanakula kwenye bakuli la plastiki lililopasuka. Sisi ndivyo tulivyo. Kizuri ni cha mgeni.

Lakini mwenye chumba alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa Rosine, msichana wa kule Wamaza, aliyepooza miguu tangu utoto, anasoma sheria. Barabarani alikwenda na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akiiendesha kwa mikono. Nyumbani alivaa ndala mikononi akatembea kwa viganja, paku, paku, paku, na mdomo wake haukupumzika.

"Shefu," alimwambia Hidaya mara nyingi, "kile chumba chako kiko kama bibi harusi mwenye hana bwana. Siku moja nitakipeleka mahakamani, kiseme kinangoja nani."

Hidaya alicheka pamoja naye. Ufunguo ule aliupenda. Wasichana walimwamkia kwa heshima kwa ajili yake, na Bwana Antoine alisema mbele ya watu kwamba yule mtoto wa Kabambare ni wa kuaminiwa. Alijua vema kwamba angekwenda kumwomba mzee ruhusa, mzee angenung'unika kidogo kisha akubali. Hakwenda.

Jioni moja mvua ilishika, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikiani. Rosine alikuja mlangoni kwa Hidaya, ndala mikononi, akamwita si shefu bali yaya, dada mkubwa.

"Yaya Hidaya, nifungulie choo ya kile chumba. Leo tu. Kule chini kunateleza."

"Ufunguo nimerudisha kwa Bwana Antoine, dada," Hidaya akasema. Ulimi hauna mfupa. Ufunguo ulikuwa unamgusa kifua wakati anasema.

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Basi," Rosine akasema. "Nikirudi na matope musinicheke."

Hakurudi na matope. Waliomwokota njiani, akiwa hai lakini amepoa, walisema aliita sana na mvua ikameza sauti. Mkono wa kuume ulivunjika mahali pawili. Kwa mtu mwingine mkono ni mkono. Kwa Rosine ulikuwa mguu pia, na baiskeli, na kalamu. Mama yake, Mama Emilienne, alikuja kumchukua kwa pikipiki, wakarudi Wamaza, na mwaka wa masomo ukapotea. Hidaya alilia kuliko wote, na wenzake wakamtuliza, wakasema ana moyo mwema. Kila aliyemwambia hivyo alimwongezea mzigo.

Ni baada ya hayo ndipo hodi ile ilipopigwa.

Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Mtu akipita karibu na chumba anasikia mkeka unatandikwa. Anasikia mtu anakohoa kidogo, kikohozi cha adabu, cha kumjulisha mwenye nyumba kwamba watu wamo wanangoja. Harufu ya ubani ilitoka chini ya mlango, imechanganyika na ya udongo uliolowa, na hiyo ilikuwa kiangazi, vumbi tupu mpaka kwenye kope. Asubuhi moja Hidaya akitawadha alisikia wanaamkiana mle ndani, wanaume kwa wanawake, taratibu, kama watu walioshuka safari moja. Mumelalaje? Tumelala salama. Na wenyeji? Wenyeji hatujawaona.

Siku hiyo alijikaza, akangoja wenzake waende darasani, akatia ufunguo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokitandika. Sakafu safi. Ila kiti cha kuogea kilikuwa kimetoka bafuni, kimewekwa katikati ya chumba, kinatazama mlango, na hewa ya mle ilikuwa na joto, joto la chumba ambacho watu wengi wamekaa wanazungumza na wamenyamaza sasa hivi kwa sababu umeingia. Alifunga mlango, akarudisha kufuli. Angeweza kumwambia mtu. Lakini angemwambiaje habari za kufungua bila kusema ufunguo ulikuwa bado kwake? Akaurudisha ufunguo chini ya blauzi.

Aliyelipa kwanza ni Apolline, ambaye hakuwa na kosa lolote. Walilala chumba kimoja, yeye na Hidaya. Msichana wa mashambani karibu na Kasongo, mnene, kicheko chake kikisikika mpaka barabarani. Jua lilipokuwa linazama alikwenda kuanua nguo zake, akakaa juu ya ule mteremko wa saruji apumzike, na hakuinuka. Walipomwita aligeuza shingo polepole, akawatazama mmoja mmoja, uso wake ukiwa wa mtu mwenye umri wa bibi yake, akakunja miguu vizuri, akavuta kitenge chake kufunika magoti, akasema kwa Kiswahili safi ambacho Apolline hakuwahi kukisema, Kiswahili cha watu wa zamani waliokuja na misafara:

"Tunashukuru kwa makaribisho. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Wakamletea wali na sombe, majani ya muhogo. Akausukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Mgeni hali kabla mwenye nyumba hajanawa," akasema.

Siku zikapita hivyo. Hakula. Maji alikunywa kidogo, kwa kulazimishwa. Walimbeba kumlaza ndani, na wakigeuza kisogo wanamkuta tena juu ya mteremko, amekunja miguu, anangoja, na mashavu yake yale yanapungua mpaka meno yakaanza kuonekana makubwa. Daktari alimtundikia maji, hakuona ugonjwa. Jamaa zake walikuja wakaomba, sauti zikakauka. Hidaya alimlisha kwa kijiko, na chakula kilirudi kikimtiririka kidevuni, na macho ya yule bibi ndani ya Apolline yalimtazama yeye tu, bila hasira, kama unavyomtazama mtu mliyeonana mahali na unangoja akukumbuke.

Ndipo Bwana Antoine akamwita Mwalimu Iliasi. Mwalimu anafundisha watoto Kurani karibu na soko, na babu yake na baba ya babu yake walijulikana kwa kazi hii. Hana makuu. Alifukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini, akamnyunyizia Apolline maji ya kombe, kisha akakaa chini mbele yake kama mtu aliyekuja kusalimia.

"Munatoka wapi?" akauliza.

"Mbali. Nyumba yetu ilikuwa shimoni, wachimbaji wa dhahabu kule Lusangi wameipasua. Tulitembea, tukaona chumba kizuri, hakina mtu. Tukauliza ni cha nani. Tukaambiwa ni cha wageni."

"Mulipiga hodi?"

"Tulipiga. Tukajibiwa karibu."

Wasichana wakatazamana. Hidaya alitazama kamba aliyokuwa ameanika shuka siku ile.

"Mgeni siku mbili," Mwalimu akasema, "siku ya tatu mpe jembe."

Apolline akatabasamu, na tabasamu lile lilichelewa kuondoka usoni.

"Tupeni," akasema. "Tutawachimbia."

Hapo Mwalimu Iliasi aliacha kuuliza. Aliposimama alimvuta Bwana Antoine na Hidaya pembeni, karibu na lango.

"Hawa si wabaya," akanong'ona. "Wako na haki, njo maana wananishinda. Mimi siwezi kumufukuza mugeni mu nyumba yenye si yangu. Wewe pia, Bwana Antoine, huwezi. Hii chumba ilijengwa kwa ajili ya nani?"

Bwana Antoine akainamisha kichwa. "Kwa ajili ya yule mutoto wa Wamaza."

"Basi aje yeye. Aingie, aseme ni yangu, wataondoka. Na mujue: jini ikitoka inatafuta pa kuingia. Siku ile kila mutu awe na roho safi. Mutu mwenye kuficha uongo ni nyumba yenye mulango wazi."

"Mimi nitaenda kumuchukua," Hidaya akasema upesi.

Wote wakamsifu. Lakini kabla ya kupanda pikipiki aliingia katika ofisi ya Bwana Antoine, mzee akiwa nje, akavua ile kamba shingoni, akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, kati ya funguo nyingine za mzee. Alijiambia ameurudisha tu mahali pake. Hakujiamini hata yeye.

Barabara ya Wamaza unaijua. Yeye na dereva waliisukuma pikipiki zaidi ya walivyoipanda. Alimkuta Rosine barazani kwao anamenya karanga kwa mkono wa kushoto. Ule wa kuume ulikuwa umeunga kombo, kiwiko kinatazama nje. Mama Emilienne alipomwona Hidaya hakumpa kiti.

"Mulinirudishia mutoto vipande vipande," akasema. "Leo munataka nini ingine?"

Hidaya akapiga magoti, akaeleza habari za Apolline. Za ufunguo hakueleza. Njia nzima alikuwa amepanga maneno: nitamwambia Rosine kwanza, tukiwa wawili, atanikasirikia, itakwisha. Sasa mama yupo, na majirani wamesogea, na maneno yakarudi tumboni.

Rosine alisikiliza mpaka mwisho. "Apolline alikuwa ananibebea maji kila asubuhi," akasema. "Mama, nitaenda. Yeye akufe kwa sababu ya chumba yangu? Hapana."

Walifika jioni, Mama Emilienne pamoja nao, jua bado liko juu ya migomba. Homu nzima ilikuwa uani. Apolline alikuwa palepale, mifupa na kitenge. Bwana Antoine alileta ufunguo kutoka ofisini, akiupapasa kati ya nyingine bila kukumbuka alikuwa amempa nani, akafungua kufuli. Rosine alivaa ndala zake mikononi. Ule mkono wa kombo haukubali uzito, basi alipanda mteremko kwa shida, paku, kisha kuburuta, paku, kisha kuburuta, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa sababu Mwalimu alikataza. Akaingia. Mlango ukajirudisha nyuma yake pole pole.

Walisikia anazungumza. Walisikia wanaomjibu pia, wengi, kwa zamu, bila kukatizana, na mazungumzo yakawa marefu mpaka Mama Emilienne akaanza kulia bila sauti na Mwalimu Iliasi akawa anavuta tasbihi kwa haraka ambayo Hidaya hakuwahi kuiona kwake, na ile harufu ya udongo uliolowa ikajaa uani pote, ikawaingia puani na midomoni, mpaka kila mmoja aliyesimama pale akaonja matope.

Kisha mlango ukafunguka, Rosine akakaa kizingitini.

"Wanakubali kutoka," akasema. "Nimewaambia chumba ni yangu, wamesema pole, hawakujua. Wanaomba neno moja tu, ya kweli, mbele ya watu wote." Akamtazama Hidaya. Sauti yake ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza. "Yaya Hidaya. Ile siku ya mvua, ufunguo ilikuwa kwa nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nimefikiri sana juu ya pumzi ile moja. Kila kitu kilikuwa mkononi mwake, na Rosine alikuwa amemshikia mlango. Lakini Hidaya aliona macho ya wasichana wote, akamwona Mama Emilienne, akaona jina lake zuri likianguka matopeni mbele yao.

"Kwa Bwana Antoine," akasema.

Watu wakamgeukia mzee. Bwana Antoine alishika kichwa. Mzee yule anasahau hata jina la mjukuu wake.

"Labda," akasema. "Kama mutoto anasema... labda ilikuwa kwangu. Mimi nasahau. Rosine, mwanangu, unisamehe." Akaanza kulia mbele ya wasichana wadogo kuliko watoto wake, na hakuna aliyemshika mkono.

Rosine alitazama chini. "Basi," akasema.

Ndipo walitoka. Hawakuonekana, lakini kila mtu alihisi anapitwa, kwa adabu, bega kwa bega, kama watu wanavyotoka msikitini. Upepo ulimpita Mwalimu, ukampita Mama Emilienne, ukampita Bwana Antoine aliyekuwa bado analia. Ulifika kwa Hidaya na haukupita. Pale kifuani palipokuwa pakining'inia ufunguo aliona joto, kisha joto likaingia ndani. Juu ya mteremko Apolline alikohoa, akajikuna shingo, akauliza kwa nini watu wote wanamtazama na kama kuna chakula.

Walishangilia. Walimbeba Hidaya juu juu, shefu aliyekwenda mpaka Wamaza kumwokoa mwenzake. Apolline alinenepa tena. Rosine alihamia chumba chake, na sasa anapanda mteremko kwa baiskeli mpaka kitandani, na ukipita utamsikia anabishana na vitabu vya sheria. Bwana Antoine ndiye aliyebaki bila salamu. Wasichana wakimwona wanageukia upande mwingine, naye alianza kupita nyuma ya nyumba ili asiwasumbue.

Na Hidaya, jamani. Akikaa kula, hali mpaka amenawa, kisha ananawa tena, kwa kuwa anahisi watu wanatazama mikono yake. Akifumba macho anasikia mkeka unatandikwa, si chumbani, ndani ya mbavu. Akisimama kuswali peke yake, nyuma yake nguo zinachakarika na safu inajipanga. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, lakini yeye aliiona ndefu, haina hata mti wa kivuli.

Mwishowe alishindwa. Asubuhi moja, baada ya mvua, alikwenda kwa Bwana Antoine, akamwambia. Mzee alimtazama muda mrefu, akasema tu, "Njo vile. Ndivyo ilikuwa," akaenda kukaa. Kisha Hidaya akapanda mteremko, akamkuta Rosine kwenye dirisha anasoma, akaanguka chini, akatoa yote: ile jioni, kamba shingoni, msumari wa ofisini.

"Nilijua," Rosine akasema. "Walinieleza humu ndani, kabla sijakuuliza. Wanaonaka vitu. Nilikuuliza ili useme wewe mwenyewe."

"Sababu gani hukuwaambia watu?"

"Ile neno haikuwa yangu."

Hidaya alilia mpaka kwikwi zikamshika. Alijipangusa uso. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ile alihisi kifua chepesi, na tumaini likamwingia kwa ghafla, kubwa, likamtia aibu.

"Sasa nimesema," akasema. "Nimemwambia Bwana Antoine, nimekuambia wewe, kesho nitasema mbele ya homu yote. Wewe wanakusikiaka, dada. Waambie watoke."

Rosine alifunga kitabu. Alitazama, si uso wa Hidaya, ila chini kidogo ya shingo yake, akasema kwa heshima kama mtu anayezungumza na wazee, "Mumesikia anavyosema?"

Akangoja. Hidaya naye akangoja. Nje Apolline alikuwa anacheka na mtu. Rosine aliinamisha sikio, akasikiliza, akasikiliza tena kama aliyetaka kuhakikisha, na uso wake ukabadilika.

"Wanasemaje?" Hidaya akauliza.

Rosine alinyoosha ule mkono wa kombo, akamshika kiganja.

"Wanasema wamezoea, yaya."